VIPIMO VYA AFYA NYUMBANI: TUNUNUE KIPI, NA TUKIAMINI KWA KIASI GANI?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, fundi wa vifaa vya hospitali, kwenye mkutano mkuu wa mwaka katika bwalo la shule. Inachapishwa kwa ombi la wanachama.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani na wa sasa, wenzangu tuliosoma hapa, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti tumevimaliza sisi wazee.



Kamati imenitaka niseme kidogo juu ya ajenda namba 6, yaani pendekezo la kuwanunulia walimu wetu 40 waliostaafu saa za mkononi zinazopima afya. Pendekezo hili limetolewa kwa moyo mwema, na aliyelitoa ni rafiki yangu tuliyelala naye bweni moja. Lakini kazi yangu kwa miaka 31 imekuwa kutengeneza na kupima mashine za hospitali. Mimi si daktari. Daktari anajua maradhi. Mimi najua mashine inayompa daktari namba, na najua siku ambazo mashine hiyo husema uongo. Kwa hiyo naomba niseme mapema: fedha zile tusizinunulie saa. Nitaeleza sababu, kisha mtapiga kura mnavyoona.

Asubuhi Katibu alitusomea majina ya wenzetu waliotutoka tangu mkutano uliopita. Wengi mnajua ni wangapi kati yao waliondolewa na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wazima wenye shinikizo la juu la damu, wa umri wa miaka 30 hadi 79, ni kama bilioni 1.28 ulimwenguni, na karibu nusu yao hawajui kama wanalo. Hawajui kwa sababu presha haiumi. Jino likioza litakuamsha usiku, lakini presha inaweza kukaa nawe miaka kumi bila kukugusa bega. Shahidi pekee ni namba. Shahidi huyo akiwa mwongo, mgonjwa hana pengine pa kuuliza.

Kamati ilinipa saa moja ya aina iliyopendekezwa. Bei yake ni nafuu, kioo chake kinang'aa, na kwenye boksi imeandikwa kwamba inapima mapigo ya moyo, presha, oksijeni, sukari, usingizi na uchovu. Niliipeleka karakana. Nilianza na mlinzi wetu wa zamu ya usiku, ambaye tunajua presha yake ni ya juu. Mashine ya mkanda ilisoma 168 kwa 102. Saa ilisoma 122 kwa 79. Nikampima binti wa mapokezi: mkanda 104 kwa 66, saa 121 kwa 78. Mwishowe nikaifunga saa ile kwenye chupa ya plastiki yenye maji ya uvuguvugu. Ikafikiri kidogo, ikatoa jibu: presha 119 kwa 77, mapigo 72 kwa dakika.

Naona mnacheka. Chupa ile ina afya njema kuliko wengi wetu humu bwaloni. Lakini mlinzi hakucheka. Yeye aliitazama saa, akaniambia, "Basi fundi, hata vile vidonge nadhani sasa niviache." Ilinichukua muda kumweleza. Na nyumbani kwa mwalimu aliyestaafu, huko kijijini, nani atakuwepo wa kumweleza?

Sasa vijana mnisikilize, maana hili ni somo lenu la fizikia. Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alieleza namna ya kupima presha kwa kuufunga mkono kwa mkanda wa mpira, kuujaza upepo hadi damu isipite, kisha kusoma urefu wa zebaki ndani ya bomba. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza jambo la kusikiliza: upepo ukipunguzwa polepole, sauti ya kwanza ya damu inayopenya ni namba ya juu, na sauti inapotoweka ni namba ya chini. Mashine za betri tunazonunua leo hazisikilizi sauti. Zinahisi mtikisiko wa ukuta wa mshipa ndani ya mkanda, kisha kompyuta ndogo hukadiria namba mbili kwa hesabu ambayo kila kampuni huificha kama siri yake. Hata hivyo kuna upepo, kuna mgandamizo, kuna nguvu halisi inayopimwa.

Saa haina mkanda wala upepo. Ina taa ndogo, mara nyingi ya kijani, na jicho linalopokea mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi. Damu ikijaa, mwanga mwingi zaidi humezwa. Ikipungua, mwingi hurudi. Kwa njia hiyo unaweza kuhesabu mapigo vizuri kabisa. Lakini kuhesabu mapigo si kupima nguvu ya msukumo, kama vile kuhesabu magari yanayopita barabarani hakukwambii yamebeba tani ngapi. Saa zilizotengenezwa kwa uangalifu hujaribu kukisia presha kutokana na umbo la wimbi la mapigo, na wenye nazo wenyewe husema ukweli. Saa za Samsung zenye kipimo hicho hudai zilinganishwe na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28, maana yake ni kwamba mkanda lazima uwe nao. Saa ya Apple ilipata kibali Marekani mwezi Septemba 2025 cha kumtahadharisha mtu kuwa huenda ana presha ya juu, baada ya kuchunguza data za siku 30, namba haitoi. Na Chama cha Ulaya cha Shinikizo la Damu, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, hakikukubali vifaa visivyo na mkanda vitumike kutambua ugonjwa wala kuamua dawa. Ikiwa saa za bei ya ng'ombe zinajizuia hivyo, saa ya bei ya kuku inapata wapi ujasiri?

Wapo pia wanaodai huhitaji hata saa, bonyeza tu kidole kwenye kamera ya simu. Programu moja ya namna hiyo ilipata wateja wengi mno Marekani miaka ya 2014 na 2015. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipoijaribu, na kutangaza matokeo mwaka 2016, waliona kwamba karibu watu 8 katika kila 10 wenye presha ya juu waliambiwa na simu kuwa wako sawa.

Sasa mtaniuliza: hata hiyo mashine ya mkanda, tutajuaje kuwa ni ya kweli? Hapa ndipo penye kazi. Mnakumbuka katika maabara ile pale, Mwalimu alikuwa hamruhusu mtu kutumia mikromita kabla hajaifunga tupu na kuangalia kama inasoma sifuri. Kifaa hujulikana ukweli wake kwa kuwekwa ubavuni mwa kingine ambacho ukweli wake umekwisha kujulikana. Mwaka 2018 vyama vya wataalamu wa Marekani na Ulaya pamoja na shirika la viwango la kimataifa walikubaliana kipimo kimoja: mashine ya presha ijaribiwe kwa watu wasiopungua 85, wenye mikono minene na myembamba, presha ya juu na ya chini, huku wapimaji waliofunzwa wakipima kwa masikio. Wastani wa tofauti usizidi milimita 5 za zebaki, na mtawanyiko wake usizidi 8. Mashine zilizofaulu huorodheshwa hadharani. Orodha ya STRIDE BP inasomwa bure na mtu yeyote mwenye simu, na iko nyingine ya chama cha Uingereza na Ireland.

Unapokwenda dukani, iwe Kariakoo au Nairobi, usiridhike na jina la kampuni. Geuza mashine, soma namba ya modeli iliyo chini yake, kisha itafute hiyo namba kwenye orodha. Kampuni ileile inaweza kuwa na modeli iliyojaribiwa na nyingine ambayo haikujaribiwa, zikakaa rafu moja kama mapacha. Uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya mashine za mkono wa juu zilizokuwa zikiuzwa kwa mtandao, zilizothibitishwa hazikufika hata moja kwa kila tano. Za bangili ya mkononi hazikuwa na hata moja. Ikiwa hiyo ni Australia, nchi yenye ukaguzi, fikirieni mabegi yanayopita bandarini kwetu. Hapa Tanzania vifaa tiba viko chini ya mamlaka ya TMDA, na mwuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwuliza habari za usajili. Lakini angalieni ujanja mmoja: saa nyingi huingia kama vifaa vya michezo. Fungueni karatasi ya maelezo, nendeni ukurasa wa mwisho, kwenye herufi za siafu. Mtakuta imeandikwa kuwa kifaa hiki si cha matumizi ya tiba. Boksi linasema hivi, karatasi inasema vile.

Jambo la pili ni mkanda wenyewe, na hili hata hospitali zetu hulipuuza. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti wa watu 195 wa Baltimore, Marekani. Waliohitaji mkanda mkubwa kabisa walipofungwa ule wa kawaida, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa milimita 19.5. Yaani mtu wa 125, mzima kabisa, anaandikwa 144 na kuanzishiwa vidonge. Na mwenye mkono mwembamba akifungwa mkanda mpana, namba hushuka, naye huambiwa yu mzima. Wazee wetu wengi wamekonda mikono. Baadhi yetu tuliokaa ofisini, tuseme kweli, hatukukonda. Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha usome sentimita zilizochapwa kwenye mkanda. Zile mashine ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono ningeziacha, isipokuwa kwa mtu ambaye mkanda wa juu haumwingii kabisa.

Tatu, namna ya kukaa. Kaa kitini dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu usiipandanishe. Kibofu kiwe kitupu. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Mkono ulale juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo, na mkanda uguse ngozi, usiufunge juu ya shati. Utafiti mwingine wa hukohuko Baltimore, wa mwaka 2024, ulionyesha kuwa mkono ukipakatwa mapajani namba ya juu huongezeka kama 4, na ukining'inia ubavuni huongezeka 6 na nusu. Wala usizungumze. Najua hili ni gumu kwa walimu.

Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, andika zote kwenye daftari, siku ya kwanza uiache, nyingine utafute wastani. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, mpelekee daktari daftari hilo. Msipunguze wala kuongeza dawa kwa sababu ya mashine, hata ile niliyoisifu mimi.

Nisiionee saa. Yapo mambo inayoyaweza. Mapigo ya moyo ukiwa umetulia, hatua unazotembea, hayo saa nzuri huyasoma vizuri. Iko pia kazi ya kugundua mapigo yanayoparaganyika, ugonjwa ambao huleta damu kuganda na kiharusi. Katika uchunguzi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotangazwa mwaka 2019, watu 419,297 walivaa saa ya Apple. Aliyetahadharishwa ni kama mmoja kwa kila 200. Kati ya 450 waliotahadharishwa kisha wakavaa kipimo cha umeme wa moyo, asilimia 34 walionekana kuwa na ugonjwa huo. Basi saa ikikwambia mapigo yako yana kasoro, nenda ukapimwe. Ikinyamaza, usione kuwa umepewa cheti.

Na nyinyi vijana wa timu ya mpira, ambao mmeniuliza juu ya kalori: Stanford haohao mwaka 2017 walijaribu bangili 7. Sita zilihesabu mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Kwa kalori, iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93. Usingizi nao, saa hukadiria muda uliolala. Hayo ya usingizi mzito na mwepesi ni makisio. Anayetaka kujua kama alilala vizuri ajiulize mwenyewe asubuhi.

Sasa kuna kifaa kimoja ambacho nyumba nyingi zilikinunua wakati wa Uviko, yaani kibanio cha kidole cha kupima oksijeni. Msingi wake ulitolewa na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ni uvumbuzi uliookoa roho nyingi katika vyumba vya upasuaji. Hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwenye kidole, na kulinganisha unavyomezwa. Lakini mwanga huo lazima upite kwenye ngozi, na ngozi yetu ni nyeusi. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walilinganisha namba za kibanio na damu iliyotolewa kwenye ateri. Kibanio kiliposoma 92 hadi 96, namba za kumtuliza mtu, walikuta kwamba kwa wagonjwa weusi oksijeni ilikuwa kweli chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Yaani kosa hili lilitukuta sisi karibu mara tatu zaidi, na lilikuwa upande ule wa hatari, wa kumwambia mgonjwa kwamba hajambo.

Hilo liliniuma kuliko yote niliyoyasoma katika kazi yangu, kwa maana vifaa hivyo nimevifungua na kuvifunga miaka mingi, na kila kimoja kilikuwa na cheti. Vilijaribiwa, lakini wenye ngozi kama yetu walikuwa wachache mno katika majaribio. Basi, mwenye kibanio nyumbani asikitupe. Ajue namba yake akiwa mzima, kisha aangalie kama inashuka. Kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha wala hina nyeusi iliyokolea. Na mtu anayehema kwa shida, midomo imebadilika, apelekwe hospitali hata kama kibanio kinasoma 95.

Kuhusu sukari sitachukua muda. Hakuna saa wala pete inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya mwezi Februari 2024 kuwa haijaidhinisha hata moja, na kwamba mgonjwa anaweza kuzidisha insulini kwa kuiamini. Kipimo cha nyumbani bado ni tone la damu la kidoleni, au kile kisensa kinachobandikwa na uzi wake mwembamba kukaa chini ya ngozi. Mashine ya kidole nayo ina ruhusa ya kukosea: kwa kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013, vipimo 95 katika 100 viwe ndani ya asilimia 15, kwa sukari ya kuanzia 5.55. Kwa hiyo sukari ya 10 ikisomwa 9 leo na 11 kesho, msigombane na mama jikoni. Nunueni mashine ambayo stripu zake zinapatikana dukani kwenu, kwa kuwa gharama kubwa iko kwenye stripu. Kopo lifungwe vizuri, lisikae juani. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke. Wajapani walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akimenya chungwa na kujipima bila kunawa, mashine inapima sukari ya chungwa, na kufuta kwa spiriti hakutoshi.

Wenzetu mlioko Marekani mnaowatumia wazazi mashine, nawaombeni jambo moja. Huko husoma kwa miligramu, hapa kwa milimoli. 126 ya huko ni 7 ya hapa. Gawanyeni kwa 18. Nimeona bibi mmoja akilia, akidhani amefika 126.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie pendekezo langu kwa ajenda namba 6. Fedha zilizotengwa zinunue mashine 40 za mkanda wa mkono wa juu, za modeli iliyomo kwenye orodha ya STRIDE BP. Kabla ya kuagiza, mwanachama aliye karibu na kila mwalimu aende kumsalimu na kumpima mzunguko wa mkono, alete sentimita kwa Katibu, ili mkanda uagizwe kwa kipimo. Kila mashine iende na daftari, kalamu na betri za akiba. Na kila mwaka mashine ipelekwe zahanati mara moja, ilinganishwe na ya pale.

Saa niliyopewa nimeirudisha kwa Mweka Hazina, pamoja na chupa. Baada ya chakula cha mchana nitakuwa maabara ya fizikia na mashine ya kulinganishia na futi ya fundi. Mwenye kifaa chake alichokuja nacho akilete tukione. Vijana wa Kidato cha Tatu watanisaidia kuandika.

Mjadala sasa ni wenu.